Plasta Ubavuni mwa Kompyuta

Jina lake halisi lilibaki kwenye kadi ya kazi, na kadi yenyewe ilikuwa imechakaa mpaka picha haionekani. Hospitali nzima ilimwita Bi Subiri. Ukimpelekea faili, atakwambia "subiri kwanza." Ukitaka picha ya mgonjwa, "subiri kwanza." Madaktari vijana walimwigiza kwenye korido, wakijishika puani kama wanaoweka miwani sawa, naye aliwasikia akawaacha wacheke wee mpaka wachoke. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, karani wa chumba cha kumbukumbu, mwepesi wa kila jambo isipokuwa kubonyeza kitufe cha kompyuta. Na kwa kuwa binadamu tunapenda kucheka kuliko kuuliza, hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Chumba chake kilikuwa chini kabisa, mkabala na chumba cha kufulia mashuka. Dirisha moja, feni inayolalamika, rafu za mafaili ya zamani, na chini ya meza kompyuta kubwa nyeusi waliyoiita ghala. Humo ndimo zilimokaa picha zote za ndani ya miili ya watu: mifupa, mapafu, mioyo. Daktari aliyetaka picha aliifungua kwenye kioo chake huko huko juu, nayo ikamfikia kwa waya kutoka kwa Bi Subiri.

Ubavuni mwa ghala palibandikwa vipande vya plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi wa kompyuta, mtu mmoja mfupi asiyeamini karatasi. Kila akimaliza kusasisha programu za kompyuta yoyote pale hospitalini, alikata kipande cha plasta kwa wauguzi, akaandika tarehe kwa kalamu ya bluu na kukibandika ubavuni. Wauguzi walimtania kwamba anafunga vidonda vya mabati. Yeye alijibu kuwa karatasi hupotea, plasta haibanduki hata ukiilaani. Na hakuwahi kutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe, mkoba begani, akakusukuma kando na kiti chako.

Sasa turudi nyuma miaka tisa, kabla ya fundi huyo na plasta zake. Asubuhi moja ilimfikia karani wetu barua pepe iliyosema programu yake imepitwa na wakati, abonyeze hapa aisasishe. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, watu wanapiga kelele. Akabonyeza. Baada ya nusu saa picha zote zilikuwa zimefungwa, na kwenye kioo kuna maandishi ya watu wasiojulikana wakidai walipwe ndipo wazifungue. Nyingi ziliokolewa baadaye kutoka kwenye nakala. Za mwezi ule wa mwisho hazikuonekana tena.

Miongoni mwa hizo zilikuwa picha za tumbo la mwanamume mmoja aliyekuwa apasuliwe Alhamisi ya wiki ile ile. Mwanamume huyo alikuwa mume wake. Alirudishwa kwenye foleni ya kupigwa picha upya, wiki sita, na walipomfungua uvimbe ulikuwa umeshatambaa. Daktari alisema huenda hata operesheni ya mapema isingesaidia. Huenda. Bi Subiri alilala na neno hilo miaka tisa, kitanda kimoja.

Wachunguzi walisema mtu alibonyeza barua pepe kwenye mojawapo ya kompyuta za hospitali, virusi vikaingia, basi. Haikujulikana ipi. Siku ya msiba, wifi yake, mdogo wa marehemu ambaye pia ni katibu muhtasi wa mganga mkuu, alimwangukia kifuani akilia: "Huyo aliyebonyeza, wifi, Mungu anamwona!" Bi Subiri akamshika mgongoni, akameza. Tangu hapo wamekula pamoja kila Jumapili, wametaniana, wamegombania sufuria, na siri ile imekaa katikati ya meza kila Jumapili bila kufunuliwa.

Sasa tuje kwenye Jumatano ya kisa chetu.

Kwenye kitanda cha nne kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka saba mwenye tundu kwenye moyo. Daktari mgeni wa moyo alikuwa amekuja kwa siku tatu, kesho yake anaondoka, na safari nyingine haikuwa na tarehe. Operesheni ilipangwa saa nne asubuhi. Alihitaji picha za miaka mitatu za moyo ule, zikiwa wazi mbele yake muda wote anapofanya kazi. Bila hizo ni kuingia kifuani mwa mtoto kwa kupapasa.

Saa tatu kasoro robo barua pepe iliingia. Ilitoka kwa wifi. Juu alikuwa ameandika: "Jamani, tufanye haraka, leo ndiyo operesheni ya yule mtoto." Chini yake ndipo ulipokuwa ujumbe wenyewe, kwa jina la fundi: "Ndugu mtumiaji, programu yako ya picha haijasasishwa kwa siku tisini. Fungua kiambatisho usasishe. Isiposasishwa kabla ya saa nne kamili, picha zote zitajifunga."

Bi Subiri alisoma mara moja, akaondoa mkono kwenye mausi kama ameshika pasi ya moto. Saa nne. Kama barua ni ya kweli naye akakaidi, picha zitajifunga mtoto akiwa mezani. Kama ni ya uongo naye akatii, ni yale yale.

Akampigia fundi. Hapatikani, alikuwa likizo ya siku mbili. Akarudia. Hapatikani.

Akasoma tena, sasa polepole, kwa ukali wa mwalimu anayesahihisha. Ndugu mtumiaji? Fundi humwita "mama mkwe" kwa utani tangu siku ya kwanza. Leo hii amesahau? Na hizo siku tisini zimetoka wapi? Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza, akawasha tochi ya simu. Plasta ya mwisho ilikuwa safi, haijashika hata vumbi. Tarehe yake ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Siku nane.

Simu ya mezani ikalia juu ya kichwa chake. Aliinuka kwa pupa, akagonga utosi.

"Wifi, umeshaapdeti huko?"

"Subiri kwanza."

"Leo siyo siku ya subiri zako! Mganga mkuu amesimama mlangoni kwangu, mtoto wa watu ameshavalishwa gauni!"

"Hiyo barua kakuletea nani?"

"Si fundi! Jina lake hilo hapo."

"Fundi gani anayetuma barua? Lini ulimwona? Hebu tazama ubavuni mwa kompyuta yako, plasta inasema tarehe ngapi."

"Nipige magoti na sketi hii mbele ya mganga mkuu? Una wazimu wewe?"

"Tazama, nakuomba."

Upande wa pili kukawa kimya. Bi Subiri aliujua ukimya ule. Aliwahi kukaa ndani yake.

"Wifi. Umebonyeza?"

"Nimebonyeza. Tangu muda ule ule. Ilikuwa inazunguka, inazunguka… Sasa imeandika kitu chekundu. Mafaili yangu hayafunguki. Wifi, hayafunguki!"

Hapo Bi Subiri hakusubiri. Alitupa simu mezani, akajirusha chini kwa magoti yote mawili, akaufuata waya wa mtandao mpaka mwisho wake na kuuchomoa kwenye ghala kwa nguvu hata kibanio chake cha plastiki kikavunjika. Kisha akanyakua tena simu.

"Chomoa waya wa mtandao wako! Uchomoe tu, usiulize! Halafu toka upige kelele korido nzima, asiguse mtu barua hiyo! Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nenda!"

Akabaki ameduwaa mbele ya ghala. Amewahi au hajawahi? Alifungua orodha, akatafuta kitanda cha nne, akabonyeza jina la mtoto. Duara likazunguka. Akajiegemeza mezani. Duara likazunguka, likazunguka, na moyo mdogo wa kijivu ukatokea kwenye kioo. Akafungua wa mwaka uliotangulia. Upo. Wa mwaka wa kwanza. Upo. Alisema "ahsante" kwa sauti, peke yake chumbani.

Furaha haikumaliza dakika. Daktari mgeni alipiga simu kutoka chumba cha upasuaji. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Mama, kioo changu ni cheusi. Saa nne ikifika sina picha, sifungui kifua cha mtoto huyu."

Kurudisha waya ilikuwa kukaribisha mwizi ndani. Kuzihamishia picha kwenye flashi akazifungue huko juu nako hakukuwa na maana. Nani ajuaye kompyuta ipi imeshaambukizwa? Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nane.

"Nakuletea," alisema.

"Unaniletea nini?"

"Kompyuta yenyewe."

Kuizima ghala kulimtia hofu kuliko yote. Mashine ya miaka mingi ukiizima huna uhakika itaamka. Aliizima huku amefumba macho. Akatoka, akateka kitanda cha magurudumu kilichosimama nje ya chumba cha kufulia, akatandika mashuka matatu yaliyokunjwa, na yeye na mfuaji mmoja mwenye mikono ya maji wakaibeba ghala na kuilaza, kioo pembeni yake. Akaifunika shuka, akaifunga mikanda ya wagonjwa. Korido nzima ilimpisha. Mzee mmoja mwenye magongo alivua kofia kwa heshima, akidhani ni maiti.

Ndani ya lifti walikutana na kitanda kingine. Mtoto wa kitanda cha nne alikuwa amelala juu yake na gauni la kijani linalompwaya, mama yake amemshika kidole gumba. Mtoto aligeuza shingo akalitazama lile umbo chini ya shuka.

"Huyo naye anapasuliwa?"

"Hapana, mwanangu," alisema Bi Subiri. "Huyu anakusindikiza."

"Mbona hapumui?"

"Amelala. Tukifika namwamsha."

Mama wa mtoto alimtazama usoni, akitaka kuona kama pana jambo la kuogopa. Bi Subiri aliangalia namba za ghorofa zikipanda. Hakuthubutu kukutana na macho yale.

Waliiweka ghala nyuma ya kidirisha cha kioo, katika chumba kidogo kinachopakana na cha upasuaji, kioo cha kompyuta kikimwelekea daktari. Bi Subiri alichomeka umeme na kubonyeza kitufe. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kisha hakuna kitu. Giza tu kwenye kioo, na sauti ya kitu kikikwaruza ndani ya mashine.

"Mama, dakika ngapi?" daktari aliuliza kupitia mlango, mikono yake iliyooshwa ameinyanyua hewani.

Neno lake la miaka yote lilimfika mdomoni, likakataa kutoka. Aliweka kiganja juu ya bati la ghala akalisikia likitetemeka. Amka, alisema moyoni. Mimi na wewe tunadaiwa mtu mmoja tayari.

Kioo kikawaka. Orodha. Jina. Duara. Moyo.

Saa nne na dakika saba daktari alitikisa kichwa kukubali, na mlango ukafungwa.

Kwenye benchi la nje alimkuta wifi. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa sakafuni, rangi ya macho imemchuruzika mpaka shavuni. Alikuwa amekimbia ghorofa tatu akipiga kelele kama muuza samaki, na kelele zake ziliokoa vyumba vingi. Kompyuta kumi na moja zilikuwa zimefungwa, barua na ratiba za zamu za wauguzi zimepotea. Picha hata moja haikuguswa. Bi Subiri akaketi. Kati yao palikuwa na mkoba mkubwa wa wifi.

Walikaa mpaka saa saba mchana. Kisha wifi akaanza, akitazama ukutani.

"Nilitaka tu tusichelewe. Kwa ajili ya mtoto. Ningemuua, wifi." Akajifuta kamasi na mgongo wa mkono. "Unajua nimemlaani mtu miaka tisa? Yule aliyebonyeza wakati wa kaka. Kila nikienda kaburini namlaani, nasema huyo hana moyo. Leo nimebonyeza mimi, na moyo ninao."

Bi Subiri alivua miwani. Angeweza kunyamaza. Alikuwa na uzoefu wa kutosha.

"Ni mimi niliyebonyeza," alisema.

"Nini?"

"Wakati wa kaka yako. Kompyuta ilikuwa yangu. Watu walikuwa wengi mlangoni, nikabonyeza."

Wifi aliinuka bila viatu. Alikwenda mpaka mwisho wa korido, akasimama dirishani akiwa amempa mgongo. Bi Subiri hakumfuata. Alikuwa ameuona mgongo ule kaburini na sasa aliuona tena, na safari hii hakuwa na haki ya kuushika.

Saa nane na nusu mlango ulifunguliwa. Daktari mgeni alitoka, kofia imemganda kwa jasho, akamwambia mama wa mtoto kwamba moyo unapiga wenyewe. Mama yule alikaa chini sakafuni pale pale, akalia. Dirishani, mabega ya wifi yalishuka.

Alirudi polepole. Akaketi mahali pake, ng'ambo ya mkoba.

"Kaka alijua?"

"Nilimwambia. Yeye peke yake."

"Akasemaje?"

Bi Subiri aliirudisha miwani machoni.

"Alisema nisikwambie. Alisema, mdogo wangu ana hasira, na nikishaondoka mimi atakuwa amebaki na wewe tu."

Wifi aliutazama mkoba uliokuwa kati yao kwa muda mrefu. Kisha akauchukua, akauweka sakafuni.