Msumari wa Kibao cha Zamu

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Asbjørn Myhre hufungua mlango wake na kugusa msumari mtupu ukutani. Zamani kibao cha zamu ya kuosha ngazi za jengo, kilichopitishwa mlango hadi mlango, kilining'inia hapo zamu yake ilipofika. Siku hizi ngazi huoshwa na kampuni, na majirani wapya hawajui msumari ule ni wa nini.

Mwaka 1974 mkewe, Torbjørg, alipata kazi ya kuendesha tramu, treni ya barabarani mjini. Asbjørn akaacha ukarani, akabaki nyumbani na mapacha wao. Kibao kilipofika mlangoni kwao, alipiga magoti na ndoo yake ya sabuni ya kijani, akaanza juu kushuka chini.

Bi Kverneland, msimamizi wa ngazi, alimkuta ghorofa ya pili.

"Mkeo anaumwa?"

"Yuko kazini."

"Basi acha. Ataosha akirudi."

Akaondoka na kibao. Alisema ngazi ni za mama wa nyumba, na kama Torbjørg hana nafasi ya kuwa mama wa nyumba, achague moja. Jioni hiyo Torbjørg, aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri, akasema labda aiache tramu.

"Ukiiacha itabidi nikaiendeshe mimi," Asbjørn akamwambia, "na mimi sijui hata breki iko wapi."

Jumamosi akaosha bila kibao. Wanawake walisimama milangoni wakimtazama. Mmoja alisema ngazi zinaonekana kama zimelambwa na ng'ombe, na kicheko kikashuka mpaka ghorofa ya chini.

Ragna Tveiten wa ghorofa ya tatu, mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuwa anashuka. Alivua viatu asichafue palipooshwa, akaketi kwenye ngazi kavu, akamuuliza tambaa linakamuliwaje lisidondoshe maji. Asbjørn akamwonyesha.

Mwaka uliofuata kitabu cha Ragna kikatoka: baba mwenye aproni na ndoo, mama kwenye tramu. Watu waliandika magazetini kwamba anaharibu watoto. Ragna akawajibu kwa kitabu kingine, cha mtoto anayelelewa na bibi wawili na baharia mstaafu. Binti wa Bi Kverneland alivisoma vyote viwili, kisha akaja kugonga kwa Asbjørn akitaka kumwona baba wa kitabuni. Kesho yake mama yake alikirudisha kibao msumarini. Torbjørg aliendesha tramu miaka ishirini na tisa.

Ragna amefariki majira haya ya baridi. Ingunn, msichana wa maktaba, amepita mlango kwa mlango akikusanya kumbukumbu, na kila mtu amemwambia marehemu alikuwa na ndoto za ajabu kuhusu familia.

"Hakuota," Asbjørn alisema. "Alivua viatu akakaa akatutazama. Andika hivyo."

Ingunn aliandika. Alizungushazungusha kalamu, akauliza bila kuinua macho:

"Mzee, walipokucheka vile, hukuona aibu?"

"Niliona," alisema Asbjørn. "Lakini ngazi zilikuwa bado chafu."