Barua Halisi ya Mwanamisi

Nilistaafu kazi ya kutunza majalada bila kupoteza karatasi hata moja, na ninaomba hilo likumbukwe kabla sijaungama.

Binti yangu Mwanamisi alipata kazi ya uuguzi Kitale, upande wa pili wa nchi. Nyaraka zake nilizifunga mimi mwenyewe, nyumbani Msambweni. Alipofika huko alinipigia simu: bahasha ilikuwa na nakala tu ya barua ya ajira, na asipowasilisha barua halisi kufikia Ijumaa, nafasi itapewa mwingine.

Niliwaka. Nilikwenda Ukunda, katika ofisi ya basi alilosafiria, nikampigia Mwanamisi simu kwa spika atoe ushahidi, kisha nikamwambia karani kwamba mizigo ya abiria ilipekuliwa.

"Shikamoo, mzee. Keti kwanza," alisema karani, mama wa makamo. "Barua yenyewe ikoje?"

"Marahaba. Tazama nakala yangu."

Nilifungua jalada nikampa. Aliigeuza, akapapasa alama ya kalamu iliyotokeza nyuma ya sahihi.

"Mzee wangu, hii ndiyo yenyewe."

Miaka yote ya utumishi nilifuata kanuni moja: barua halisi hubaki jaladani, nakala ndiyo husafiri.

Mwanamisi alikuwa bado kwenye simu. "Baba," alisema taratibu, "kwani ulitaka nibaki?"

Nilimjibu kwamba sivyo hata kidogo. Kisha niliomba bahasha ya kuituma barua kwa basi la siku hiyo, na karani aliniletea bahasha, pamoja na leso ya kufutia machozi ambayo sikuiomba.