Bawa la Kushoto

Mwaka wa pili wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, nikiwa karani mgeni mjini Garissa, nilikuwa na ndege ya mfano yenye urefu wa mkono wangu. Mhandisi mmoja aliyehamishwa aliniachia, pamoja na kisanduku cha redio cha kuiongoza ikiwa angani. Siku hizo redio ya kurusha mawimbi ilikuwa balaa, ungedhaniwa mpelelezi wa waasi. Mkuu wangu aliniruhusu kuirusha mara moja tu, Ijumaa alasiri, askari akitazama, kisha kisanduku kifungiwe kabatini hadi amani irudi.

"Mara moja," alisema, "halafu nisisikie habari zake."

Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo nikaikalia. Nilikuwa natafuta kiatu kwa hasira zangu za kawaida, nikajitupa kitandani, bawa la kushoto likavunjika.

Gundi niliyokuwa nimeagiza Nairobi ilifika na msafara wa malori ikiwa imekauka ndani ya tyubu. Nikapika uji wa ngano, sisimizi wakaula. Nikachemsha ngozi ya ngamia mpaka majirani wakafunga madirisha. Hiyo ilishika kweli, lakini niliipaka nyingi, bawa likawa zito, ndege ikalalia upande nilipoipima mkononi. Nikaibandua kwa maji ya moto, nimekata tamaa.

Harufu ndiyo iliyomleta jirani yangu, mwanamke mzee wa Kisomali aliyeuza ubani. Nilimwita ayeeyo, yaani bibi, kama walivyomwita wajukuu zake. Alilitazama bawa, akaenda kwake, akarudi na mkebe wa gundi ya mgunga, madonge ya rangi ya asali. Tangu watu wakatazwe kutoka mjini, hakuna aliyekwenda porini kuichuma.

"Usichemshe," alisema. "Maji ya fugufugu tu. Weka sukari kidogo, ikikauka haitabasuka. Na hii bawa yako uweke kifulini, sio jua."

Mimi mbishi, lakini siku hiyo nilimtii. Niliichuja kwa kitambaa, nikapaka pande zote mbili, nikangoja mpaka ikanata kidoleni, nikabana, nikafunga uzi. Siku mbili sikuligusa. Alhamisi nililivuta kwa nguvu, likakaa imara. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mama yule namwombea hadi leo.

Ijumaa ndege ilipaa. Askari aliyeletwa kunichunga alisahau kazi yake, akawa ananiambia niipandishe zaidi. Niliikatisha kona kali, bawa likapinda mpaka nikafumba macho. Nilipoyafumbua ilikuwa bado inaruka. Kando ya uwanja, kati ya wanawake waliosimama, nilimwona ayeeyo akikinga jua kwa kiganja. Ilitua kwa tumbo mchangani, nzima. Nililia, wala sioni haya kusema.

Jioni nilimrudishia mkebe, ukiwa umebaki nusu. Mjukuu wake wa kike alichukua donge, akalitia mdomoni. Mdogo wake akanyoosha mkono apewe lake. Hadi hapo nilidhani ni bidhaa yake ya kuuza. Ayeeyo akanieleza bila kuficha: ngamia wao walikuwa wamechukuliwa, maziwa hayakuwapo, na hiyo gundi ndiyo watoto waliyokuwa wakitafuna badala ya chakula cha mchana.

"Mbona hukuniambia?" Nilikuwa karibu kumkaripia.

"Ungekataa," alisema. "Na mimi nilitaka kuona ikiruka."