Mjumbe wa Vijana na Akina Mama

Nilichaguliwa kwa sababu sikusema kitu. Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa, Riruta, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nangoja matokeo. Mama alinituma nikamshikie kiti, halafu yeye akakwama sokoni. Nikabaki peke yangu kati ya wazee wa mtaa, mikono nimeibana magotini.

Pesa za kutengeneza barabara yetu zilikuwa zimepitishwa, lakini hazingetoka bila kamati ya wakazi, na kamati lazima iwe na mwanamke na iwe na kijana. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye pia ndiye mwenye ploti ya nyumba za kupanga tunamokaa, alizungusha macho ukumbi mzima mpaka yakanifikia.

"Huyu hapa. Ni kijana, tena ni mwanamke. Si tumemaliza?"

"Lakini huyo haongei," mtu akasema kutoka nyuma.

"Ndiyo maana namtaka. Waongeaji tumetosha."

Watu wakacheka, mikono ikainuliwa, nikawa mjumbe. Nilitaka kusema sitaki, lakini nilipopata sauti walikuwa wameshafumba macho kwa maombi ya kufunga.

Kazi yetu ilikuwa kuangalia barabara ikitengenezwa, kisha kila mjumbe atie sahihi kwamba imekamilika. Sahihi moja ikikosekana, kontrakta halipwi. Vijana wanaoshinda kwenye kibanda cha kando ya barabara walinipa cheo kabla sijakizoea. "Niaje, mheshimiwa! Lami lini?" Nikawa nazunguka nyuma ya kanisa ili nisiwapitie.

Lami haikuwa kwenye mpango. Mwenyekiti alikuwa ametusomea: maramu, yaani ule udongo mwekundu wa changarawe, mitaro pande zote mbili, na kalvati la kupitisha maji chini ya barabara pale karibu na kinu cha unga. Katapila ikaja, ikakwangua, malori yakamwaga maramu, ikashindiliwa. Barabara ikawa nyekundu na laini mpaka watoto wakaanza kukimbizana juu yake pekupeku. Kila asubuhi nilijifanya naenda kununua maziwa, nikaitembea yote nikitafuta mitaro. Nikajiambia watachimba kesho. Kisha katapila ikaondoka, na wanakamati wenzangu hawakusema neno.

Siku moja mwenyekiti akapiga honi ya pikapu yake getini. Tunaenda mjini, akasema, kuna karatasi ya kutia sahihi. Mama akaniambia nivae gauni la kanisa.

Ofisi ya kontrakta ilikuwa River Road, juu ya duka la misumari na mabati. Alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye Kiswahili kama cha kitabuni. "Karibu, mwanangu. Keti. Utakunywa soda gani?" Karatasi ilikuwa mezani tayari, wengine wote wametia sahihi, na nafasi moja imebaki. Mwenyekiti akanipa kalamu. "Hapo tu."

Niliuliza kwa sauti ndogo mpaka kontrakta akainama kunisikia.

"Na mitaro?"

"Mitaro iko," mwenyekiti akajibu haraka.

Kontrakta akacheka. "Binti, mtaro ni wa maji. Na maji yako wapi, kiangazi chote hiki?"

"Basi tungoje maji," nikasema. "Mvua ikinyesha nitatia sahihi."

Wallahi sikuwa najifanya mjanja. Nilikuwa natafuta tu njia ya kutoka mle ndani. Lakini mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyeona kiti kikitembea.

Kwenye pikapu, tulipofika Naivasha Road, mwenyekiti alipunguza mwendo. "Mama yako ni mpangaji mzuri," akasema. "Lakini unajua vile nyumba zangu zinatafutwa. Kila siku naulizwa."

"Najua, mzee."

"Haya basi."

Mama alisikiliza yote akiwa amesimama, leso bado iko kichwani. "Weka hiyo sahihi," akasema. "Barabara si yako. Hapa tukitolewa tutaenda wapi? Wadogo zako shule yao ni hapa."

"Na maji yakiingia?"

"Kwani yataanza leo?"

Zikaja siku mbaya za kungoja. Sikuweza kukaa. Nilifua nguo safi, nikafagia mahali nilipokuwa nimefagia, nikatoka nje kuangalia upande wa Ngong. Mawingu yalijikusanya, yakawa meusi kabisa, kisha yakaenda kunyeshea matajiri wa Karen. Vijana wa kibandani wakajua habari, sijui nani aliwaambia. "Mheshimiwa, umefunga na kuomba kweli?" Niliomba, ndiyo. Niliomba mvua ije, halafu nikaomba isije, nikaona haya mbele za Mungu.

Mwenyekiti alipita getini kila jioni. "Mama, mvua bado?"

"Bado, mzee," Mama akamjibu, akicheka kicheko ambacho si chake. Jioni moja hakucheka. Aliingia ndani akakaa kitandani akiangalia ukuta. Nikaona hayo yametosha. Kesho yake alasiri nilienda mwenyewe nyumbani kwa mwenyekiti, nikasema nimekuja kutia sahihi.

"Sasa umekuwa mtu mzima," akasema, akaitoa ile karatasi ya River Road, akaitandaza mezani.

Nilikuwa nimeshashika kalamu tone la kwanza lilipogonga mabati. Likafuata la pili, kisha hakukuwa na kuhesabu tena. Mwenyekiti akapaza sauti. "Weka tu haraka, tumalize!"

"Twende tuone kwanza."

Nilitoka bila kumngoja. Maji yalikuwa yanateremka barabara nzima, mekundu kama chai ya rangi, yakibeba ile maramu. Pale kwenye kinu yalikosa pa kupita, yakageuka, yakaingia kwenye ploti yetu kupitia getini. Mama alikuwa mlangoni anayasukuma kwa ufagio. Wapangaji walikuwa wanaita watoto, wanapandisha magodoro juu ya meza. Mwenyekiti alikuja na mwavuli, akasimama karibu nami.

"Hii ni mvua ya kwanza tu," akasema. "Barabara ikizoea itakaa."

"Sitaweka, mzee."

Aliinua mguu akatazama kiatu chake.

Jumamosi iliyofuata aliitisha mkutano palepale ukumbini. Safari hii Mama alifunga biashara mapema, akaja, akakaa nami nyuma. Mwenyekiti alitangaza kwamba mjumbe wa vijana na akina mama amejitoa, anajiandaa kwenda chuo, kwa hivyo nafasi itachukuliwa na mkewe pamoja na mpwa wake. Mikono ikaanza kuinuka. Nilikuwa naangalia sakafu. Nikahisi benchi limepungua uzito.

"Hajajitoa," Mama akasema. Alikuwa amesimama. "Mmemtoa. Semeni hivyo, watu wajue."

"Mama, hebu kaa chini."

"Nitakaa. Nimesema tu mseme ukweli."

Walichaguliwa hata hivyo, na karatasi nasikia ilikamilika wiki hiyohiyo. Kodi ya mwezi huu mwenyekiti aliipokea bila kututazama, hakusema tukae wala tuhame. Mama amekusanya vyombo ambavyo hatutumii akavitia kwenye katoni, endapo tutatolewa. Katoni iko karibu na mlango. Kila nikisikia pikapu inapunguza mwendo nje, naacha ninalofanya, nasimama.