Aliyepeleka Isale Wakati wa Kwaresima

Sisi tuliokulia Uru enzi za Mwingereza tulijua mambo mawili kabla hatujajua kusoma: ishara ya msalaba na kumchunguza jirani. La kwanza tulifundishwa na katekista. La pili wala halikuhitaji mwalimu. Mbuzi akilia Jumamosi jioni kwenye kihamba cha mtu, shamba lake la migomba, tulitazamana: wanachinja kwa ajili ya nani? Harufu ya nyama ikisikika Ijumaa, pua zetu zilifika kabla ya miguu. Kuna babu mmoja aliteleza kwenye tope akamwaga kata nzima ya mbege. Masikini, mwenyewe alikuwa analilia pombe yake, lakini hadi jioni kigango kizima kilishasema amewamwagia mizimu. Na vijana wa leo mnadhani umbea ulianza na simu!

Raha zilikuwepo lakini. Asubuhi ya baridi, ukungu umekaa juu ya migomba, mama anakupa kiburu cha jana kilichopashwa moto, unashuka kanisani pekupeku huku umande unakuuma vidole. Misa ilikuwa ya Kilatini. Tuliitikia kwa sauti kubwa maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaelewa, na hakuna aliyelalamika kwamba ibada ni ndefu. Wajukuu zangu mahubiri yakirefuka kidogo tu, wanaanza kuuliza chakula ni saa ngapi.

Nyumbani kwetu ni bibi yangu mzaa baba, Manka, peke yake aliyekuwa hajabatizwa. Alikuwa ameshasoma katekisimu, na Pasaka ile ndiyo ilikuwa yake. Aliutaka ubatizo ule kuliko chakula. Aliniambia, "Mjukuu wangu, wenzangu wote wameshakwenda kwa Mungu wenu. Sitaki nibaki peke yangu huku migombani." Nilimhurumia, tena niliogopa, maana tulikuwa tumeshafundishwa wasiobatizwa wanakwenda wapi.

Basi katikati ya Kwaresima, alfajiri, akina mama waliokuwa wakienda kuteka maji wakamwona Bibi ameshika jani la isale, anapenya migombani. Mnalijua isale: kwetu Wachagga ndilo jani la kuombea msamaha. Ukikosana na mtu ukampelekea, hawezi kukukatalia. Lakini wazee walilitumia pia kwenye matambiko, kwa hiyo miaka ile kanisa lililitazama kwa jicho baya. Habari ikamfikia Mwalimu Gaspari, katekista wetu, mtu aliyeshuku hata kikohozi. Jioni ile ile akabisha hodi.

"Mama, lile isale ulikuwa unalipeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Mzimu?"

Baba akambembeleza, mama akalia, wapi! Hakufungua mdomo. Mwalimu akasema kama ni hivyo, Pasaka hii habatizwi. Kuanzia hapo watu wakawa wanapita kwetu wakichungulia nyuma ya nyumba. Hata mimi niliyelala naye kitanda kimoja nikaanza kulala na rozari shingoni.

Siku ya ubatizo Bibi alikwenda hivyo hivyo, akakaa nyuma kabisa. Wabatizwa wakaitwa mmoja mmoja, jina lake halikutajwa. Nilimwona amekunja kanga mikononi, anaikunjua, anaikunja tena. Mara akasimama Mama Aloisi, jirani yetu wa kihamba cha chini, mwanamke aliyeheshimika kuliko wote kanisani. Yeye na Bibi walikuwa hawaamkiani tangu kabla sijazaliwa, kwa ugomvi wa mpaka.

"Padri, naomba niseme."

Mae! Mwanamke kusema kanisani! Tuligeuka wote.

"Isale lile lililetwa kwangu," akasema. "Mwalimu aliwaambia wanafunzi wake wapatane na watu kabla ya ubatizo, na Manka akaja kuniomba msamaha kwa kunichukia. Nilimsihi asimwambie mtu, maana aliyesogeza mpaka ni mimi. Yeye ambaye hajabatizwa ndiye aliyekuja. Mimi ninayepokea komunyo kila Jumapili nilikuwa nimekaa nyumbani, nangoja apige magoti."

Padri, Mzungu mzee, akamtazama Mwalimu Gaspari, naye Mwalimu akatazama sakafu. Bibi yangu akabatizwa siku ile, akaitwa Veronika. Aliyemshika bega kama msimamizi wake alikuwa Mama Aloisi, na wote wawili walilia mpaka Padri akawangoja.

Siku hizi isale limeingia kanisani kwa heshima zote. Linapamba altare, wanakwaya wanalipunga, watu wanapiga nalo picha. Nafurahi, siwezi kusema uongo. Ila tabia ya kuchunguza hainitoki, na uzee umeizidisha. Jumapili iliyopita padri alisema tutakiane amani. Mbele yangu walikaa ndugu wawili, tumbo moja, wenye kesi ya kihamba mahakamani mjini Moshi. Wakapeana mikono, kila mtu akitazama upande wake, wakaenda kupokea komunyo. Masale yalikuwa yamejaa kanisa zima, na hakuna hata mmoja wao aliyechuma jani.