Filamu Aliyoisifu Tata Wambui

Turubai bichi lina harufu yake, na nikiinusa hata leo narudi moja kwa moja Kimbo, pale Ruiru, kwenye kibanda cha video cha miaka ya tisini. Kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai ili mwanga usiingie, na kwa manyunyu ya Agosti humo ndani kulinuka ukungu, mafuta ya taa na sweta za watu. Sisi tulikaa Thika, karibu na mto Chania. Likizo moja ya Agosti mama alitupeleka Kimbo kwa mdogo wake, Tata Wambui, kwa sababu nyumbani kulikuwa kumemshinda.

Kaka yangu mkubwa alichukuliwa na mto huo kabla sijaanza shule. Aliitwa Njoroge, jina la babu mzaa baba. Alipozaliwa mvulana mwingine, watu wa ukoo walikata shauri bila kumwuliza mama: jina la mzee lazima lirudi, na huyu naye ni Njoroge. Mama hakubisha, ila hakulitamka tena. Mdogo wangu huyo mama alimwita "kijana", au "wewe", au alimgusa tu begani. Siku moja tukipukuchua mahindi mtoto aliniambia kwamba mama hampendi. Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, nami nilimwonea huruma.

Tata Wambui alikuwa fundi cherehani aliyesoma chochote kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa nyama. Alikuwa na riwaya moja isiyo na jalada, aliyoisoma mpaka ikalegea. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilipofika kibandani alienda peke yake, akarudi ametulia kupita kawaida yake. Akadai imekishinda kitabu, maana kitabu kilimweleza mno yule mama wa hadithi, na filamu ilimwacha anyamaze. Mama yetu alisema hana haja na sinema.

"Hii si ya ngumi," Tata akamwambia. "Kuja tu uone huyo mama. Ukichoka tutatoka."

Tulienda sote Jumamosi mchana. Ilikuwa filamu ya rangi ya majivu, haina muziki, na nyumba ni moja tu kando ya mto. Mama mmoja anafiwa na mtoto. Wanakijiji wanamletea mwingine, wamemvika nguo zilezile na kumpa jina lilelile, kisha wanamsalimu kana kwamba hakuna lililotokea. Kila asubuhi anaandaa sahani mbili za watoto. Vijana waliofuata karate walipiga miluzi, wakachoka, wakatoka. Mwishoni yule mama anamketisha mtoto mlangoni na kumchana nywele, taratibu, amefumba macho. Basi, imeisha. Mimi niliogopa tu, sikuelewa kitu. Mama hakuinuka hata mwenye kibanda alipoanza kufungua madirisha.

"Huyo pia hakuna mtu alimuuliza," alisema, na Tata akamshika mkono.

Nje manyunyu yalikuwa yangali yakianguka, na mdogo wangu alikuwa ametangulia.

"Njoroge," mama akaita. "Kuja uvae sweta."

Mtoto aligeuka, akatutazama mmoja mmoja, kwanza ahakikishe ni yeye anayeitwa.

Siku hizi pale kibandani pamesimama ghorofa, na filamu hutazamwa kwenye simu. Ile bado naisifu kwa kila anayenivumilia, na wengi huniambia waliiacha katikati kwa vile inatia huzuni. Siwalaumu, inatia kweli. Mama amezeeka na kumbukumbu zinamtoka. Jina alilolikwepa ndilo analoliita sasa kutwa nzima, nasi hatujui anamwita yupi. Mdogo wangu akitoka kazini huketi karibu naye, na mama humpapasa mikono ya shati.

"Njoroge, umekauka?"

"Nimekauka, mama."