Bajia za Kakuyuni

Hoteli ya ufukweni aliyokuwa akipikia mume wangu ilipofungwa, alituaga akaenda Mombasa kutafuta kazi nyingine. Aliniacha Malindi na watoto watatu na unga nusu debe. Alisema angetuma habari. Haikuja habari wala salamu, na unga ukaisha.

Nilijua kupika mahamri, nikadhani hiyo yatosha kuwa biashara. Kumbe mtaa mzima ulijua kupika mahamri. Kila asubuhi nilikaa barazani na sinia langu, watu wakanisalimu kwa adabu, wakapita. Tuliyala wenyewe mpaka watoto wakayachukia. Kisha hata hayo hayakuwepo.

Karibu na soko palikuwa na mama mmoja mtu mzima, muuza bajia za kunde. Wateja walimzonga kabla karai halijapata moto. Nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuomba unifundishe kazi hii. Wanangu hawana kitu."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinivunja zaidi kuliko matusi. "Nikikufundisha, kesho utaliteleka wapi karai lako? Si papa hapa? Nami nina wajukuu wanaonitazama."

Nikamwomba basi nimwoshee vyombo, anipe bajia zitakazobaki. Akakubali. Nikawa naosha sufuria huku macho yangu yako mikononi mwake. Aliziloweka kunde, akaziambua maganda yote, akazisaga na kitunguu thomu na pilipili, kisha akaupiga ule mchanganyiko kwa mkono muda mrefu. Nilipojaribu nyumbani, kwa kunde nilizoombaomba kwa majirani, bajia zangu zilitoka ngumu kama kokoto. Nililia mbele ya jiko. Sikujua alichokuwa akikifanya ambacho mimi sikufanya.

Wakati huo kitinda mimba wangu, msichana ambaye hajatimiza miaka miwili, alianza kuvimba miguu, nywele zikageuka rangi. Dada yangu alikuja kutoka Mambrui kututazama. Alimbeba mtoto, akambonyeza ile miguu iliyovimba.

"Nipe huyu," akasema. "Ukikaa naye hapa utamzika."

Nikampa. Alipokuwa akienda naye, mtoto hakulia hata kidogo, hakuwa na nguvu za kulia.

Baadaye ndipo nilipoona yule mama akidondosha tone la mchanganyiko ndani ya kikombe cha maji. Likizama, anaendelea kupiga. Likielea, anakaanga. Jioni ile bajia zangu zilitoka laini kwa mara ya kwanza, na mtoto mmoja hakuwepo kuzila.

Asubuhi moja yule mama alinishika mkono, akaunusa.

"Wanuka thomu, na leo kwangu hujagusa kitu. Basi umeshajua. Nenda, mwanangu, lakini si soko hili."

Nikaenda Kakuyuni, kijiji cha wakulima nje ya Malindi, ambako sikumwona mwingine mwenye karai. Siku ya kwanza sikuuza chochote. Nilikaa na bajia zangu zikapoa, nikawaza ni jambo gani tena nililobakisha kujaribu. Mwanamke Mgiriama aliyeuza muhogo kando yangu alichukua moja, akatafuna.

"Ni tamu, dada. Lakini watu wa hapa hula kabla hawajashika jembe. Wewe unakuja jua limeshapanda. Na hizi ni ndogo mno. Mtu wa shamba anataka kushiba."

Nikamwambia nyumbani kwangu ni mbali, siwezi kufika alfajiri. Akanionyesha kibanda nyuma ya nyumba yake. Nikahamia humo na wanangu wawili. Nilizifanya bajia kubwa, nikaziuza pamoja na muhogo wake wa kuchemsha, kabla ya jua. Zikaanza kwenda.

Mwaka ulipopita, nilipoona chakula cha kesho hakinitishi tena, nilikwenda Mambrui kumchukua binti yangu. Alikuwa amenona, nywele zimesukwa. Aliponiona alijificha nyuma ya leso ya dada yangu.

"Mama, nani huyu?" akamwuliza.

Dada yangu aliangua kilio. Nilijaribu kumbeba mtoto, akapiga mayowe mpaka majirani wakatoka nje. Nikamweka chini.

Nilirudi tena na tena. Akazoea kunisalimu, akazoea zawadi zangu, ila kuja kwangu hakutaka, nami sikuwa na moyo wa kumtoa kwa nguvu katika nyumba iliyomponya. Miaka ikapita, akaolewa akitokea nyumba ile. Siku ya harusi, aliyekaa mahali pa mama ni dada yangu. Mimi nilikuwa uani na wapishi.